Chenso shambani ukiwa peke yako: yaliyonikuta Tandahimba

Mleta mada, umesema umenunua chenso (msumeno wa injini wenye cheni), una ekari sita za mikorosho mikuukuu ya mzee wako huko Newala, vijana wamekimbilia Dar, na vibarua wa kupogolea wanataka hela usiyokuwa nayo. Umeuliza kama unaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe bila mtu wa pili. Nakujibu nikiwa na kovu la nyuzi 14 juu ya goti la kushoto.

Ilikuwa mwezi wa tatu, korosho zimeshauzwa, nasafisha shamba langu la Tandahimba kabla ya msimu wa kupuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho. Saa kumi na moja jioni likabaki tawi moja jembamba linaloning'inia na kuyumba. Nikalishika kwa mkono wa kushoto litulie, nikakata kwa mkono mmoja wa kulia. Cheni ikang'ata vibaya, chenso ikaruka, ikashuka gotini. Cheni hiyo, injini ikiwa imekazwa gesi mpaka mwisho, inakwenda karibu mita 20 kwa sekunde moja, kwa hiyo usidhani utawahi kukwepa. Mimi niliona suruali imechanika, damu ndiyo nikaiona baadaye.

Simu ilikuwa kwenye begi, begi kwenye pikipiki, pikipiki mistari mitano kutoka nilipokuwa. Mikorosho yangu ipo mita 12 kwa 12, hesabu mwenyewe: mita 60 za kujikokota huku nimekandamiza shati kwenye kidonda. Nilipiga kelele. Wakati wa kuokota korosho ningesikika na familia nne, lakini msimu ukiisha mashamba yetu huwa kimya kabisa. Nilifika kwenye simu, boda wa kijijini akaja. Daktari aliniambia mshipa mkubwa haukuguswa, na kwamba ungeguswa, zile dakika nilizojikokota zingetosha kunimaliza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: zipo kazi za chenso za mtu mmoja, na zipo ambazo peke yako usiziguse hata uwe fundi wa miaka ishirini. Kukata vipande gogo lililokwisha tulia chini, sawa. Kupunguza matawi yaliyo chini ya bega lako huku umesimama ardhini, sawa, kwa masharti nitakayoyasema. Lakini kuangusha mti mkubwa, kupanda juu na chenso, kukata ukiwa kwenye ngazi, au kushughulikia mti ulionasa kwenye mwenzake, hapana. Na kusi likishaanza kuvuma sawasawa, mimi mti mrefu siuangushi hata nikiwa na watu.

Sasa nikae kidogo kwenye tawi la mkorosho, kwa sababu wengi wanaojifunza chenso hujifunzia kwenye gogo la mninga na wanadhani ni yale yale. Mkorosho wa zamani matawi yake hutambaa, mengine yanagusa ardhi na kuinuka tena kama kiwiko. Kabla ya kuwasha injini jiulize: tawi hili limevutika upande gani na limebanwa upande gani? Likiwa linaning'inia hewani, juu limevutika, chini limebanwa. Likiwa limeshikwa na shina upande mmoja na ardhi upande wa pili, katikati linabonyea: juu ndiko limebanwa, chini ndiko limevutika. Anza upande uliobanwa, ingia theluthi moja tu ya unene, kisha malizia upande uliovutika. Ukikosea, ama tawi linaikaba chenso, ama linapasuka na kufyatuka. Usisimame linakoweza kufyatukia.

Pia angalia juu. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaojenga viota vya majani mitini, tunawataka, maana wanakula wadudu wanaoharibu korosho, na watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamewasemea vizuri. Lakini kiota kikikuangukia shingoni chenso ikiwa inanguruma, mkono utaachia wenyewe kwenda kujikuna. Nikiona kiota, tawi hilo naliacha. Nyuki ndio kabisa: wanachukia mlio na mtetemo.

Ncha ya lile bapa linalobeba cheni, robo yake ya juu, isiguse kitu chochote. Ikigusa tawi lililojificha nyuma ya unalokata, chenso inapiga teke kuelekea uso wako. Ndiyo maana mikono yote miwili, kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini wa mbele kabisa, na usisimame kwenye mstari wa cheni. Breki ya cheni ijaribu kila asubuhi. Ikiwa haishiki, siku hiyo chukua panga.

Suruali maalumu ya chenso sikuipata Mtwara mjini, niliagiza Dar. Ndani ina nyuzi ndefu zinazochomoka na kuikaba cheni mpaka isimame. Nilisitasita kwa sababu ya joto na bei. Ningekuwa nimeivaa siku ile, ningerudi nyumbani kwa pikipiki yangu. Miwani, kinga ya masikio, helmeti na buti ngumu navyo usivikose.

Kuhusu upweke wenyewe, sasa hivi nafanya hivi. Simu ipo kwenye mfuko wa shati wenye kifungo, na nimeshajua ni wapi shambani mtandao unashika. Filimbi shingoni. Mke wangu anajua nipo mstari wa ngapi, nampigia kila baada ya nusu saa. Nisipopiga anapiga yeye, nisipopokea anamtuma boda bila kusubiri. Mfukoni nina kitambaa kipana cha kufungia na kijiti imara. Damu ikitoka, kandamiza kwa nguvu zako zote. Ikigoma kwenye mguu au mkono, funga juu ya kidonda, si juu ya goti wala kiwiko, sokota kwa kijiti mpaka ikatike, kumbuka saa uliyofunga, na usifungue mpaka hospitali. Na nikimaliza tangi mbili za petroli, nimeacha, hata kama limebaki tawi moja. Lile langu nalo lilikuwa moja.

Umetaja mkorosho uliokauka na kuegemea mwembe karibu na kibanda chako. Huo usiuguse. Uzito wake wote uko mahali usipopaona, na ukikata chini unaweza kuteleza kukujia au kuuvuta mwembe. Zuia watoto wasipite hapo, kisha mlipe hata mtu mmoja mwenye uzoefu kwa siku hiyo moja tu, aje na kamba ndefu, na wewe usimame mbali mara mbili ya urefu wa mti.