Jibu: Maikrofoni ya USB haionekani katika Audacity

Ndugu, umeuliza kwa nini Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, inaendelea kurekodi kwa maikrofoni ya ndani ya kompyuta ilhali umechomeka ile ya USB. Mara nyingi sababu ni kwamba programu hiyo husoma orodha ya vifaa vya sauti inapofunguliwa, hivyo kifaa kilichochomekwa baadaye hakionekani mpaka uiagize ikague vifaa upya, au uifunge na kuifungua tena. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti, uchague maikrofoni yako kuwa kifaa cha kurekodia, na uweke chaneli 1, kwa kuwa maikrofoni nyingi za aina hiyo ni za mono, yaani hutoa mkondo mmoja tu wa sauti.

Kwenye Windows, kati ya njia ambazo Audacity hutumia kuwasiliana na vifaa vya sauti, mimi hupendelea WASAPI kuliko MME, ingawa MME ndiyo huwa imechaguliwa tangu mwanzo, kwani WASAPI hukuwezesha pia kurekodi sauti inayochezwa na kompyuta yenyewe. Ukiitumia, hakikisha kiwango cha sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde), kwa mfano Hz 44100 au 48000, kinalingana katika Audacity na katika Windows. Ikiwa bado unarekodi ukimya mtupu, tafadhali kagua iwapo Windows imeruhusu programu kutumia maikrofoni.