Mshirika ajichagulie tawi?

SWALI: Bwana asifiwe, Mama. Ninashughulikia tovuti ya kanisa letu lenye matawi matano: matatu Nairobi, moja Thika na jingine Nakuru. Mshirika akiingia kwenye akaunti yake anaweza kubadilisha picha na namba ya simu, lakini tawi hubadilishwa na karani tu. Vijana wanaomba walichague wenyewe. Mchungaji mmoja anahofia watu watahamahama ovyo. Nifanyeje?
Kijana wa mitambo, Nairobi

JIBU: Amina, mwanangu. Wafungulie.

Nilikuwa karani wa kanisa miaka 18. Mjane mmoja alihama Thika kwenda kuishi na bintiye Nakuru. Alisali huko karibu mwaka mzima, lakini kwetu jina lake lilibaki Thika, maana barua yake ya kuhama ilikuwa mezani kwangu, sijaiingiza. Alipolazwa, ombi la maombi lilitumwa kwa akina mama wa Thika. Wale wa Nakuru, waliokaa naye benchi moja kila Jumapili, walipata habari ameshatoka hospitalini. Aliniambia, "Nilidhani mmenichoka." Mweleze mchungaji kwamba huyo mama alikuwa amekwisha kuhama, kilichokosekana ni sisi kujua.

Ila kabla hujafungua, angalia tawi limeandikwa kwa nani. Katika Rock RMS, programu ya kutunza kumbukumbu za washirika, kwa mfano, tawi huandikwa kwenye familia, si kwa mtu mmoja mmoja. Binti akienda Chuo Kikuu cha Egerton akachagua Nakuru, wazazi walioko Thika nao watahamishwa. Huyo mfungulie rekodi ya familia yake mwenyewe, huku akibaki mtoto katika ile ya wazazi.

Kisanduku cha tawi kianze kitupu. Ukikijaza mapema jina la kanisa kuu, wengi watakiacha hivyo, nanyi mtahesabu watu wasiokuwepo. Zaka zilizotolewa Thika zibaki kwenye vitabu vya Thika. Na mtu akibadilisha, SMS imfikie mzee wa tawi jipya siku hiyohiyo, apige simu kumkaribisha. Hapo ndipo ningeweka nguvu zangu zote.

Mchungaji akisita bado, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake zenye makosa.

Anza na Nakuru, kwa ajili ya hao wanafunzi.