Mia moja iliyogawiwa mara moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina tangi la mstatili: urefu sentimita 120, upana 80, kina 50. Nimezidisha nikapata 480,000. Kwa kuwa mita moja ina sentimita 100, nikagawa kwa 100, zikaja mita za ujazo 4,800. Mwenzangu alicheka tu, hakunieleza kitu. Nimekosea wapi? Na nikilijaza mafuta ya alizeti zitakuwa kilo ngapi?

JIBU: Marahaba. Kucheka ana haki, maana mita za ujazo 4,800 zinakaribia kujaza mabwawa mawili ya kuogelea ya mita 50 kwa 25, kina mita 2. Kunyamaza ndiko kulikomkosesha adabu.

Kuzidisha umezidisha vizuri. Ila tangi umelipima mara tatu, urefu, upana na kina, na kila kipimo kinadai 100 yake. Wewe umelipa moja. 100 × 100 × 100 ni 1,000,000. Gawa 480,000 kwa hiyo milioni moja, unapata mita za ujazo 0.48. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo tangi lako ni la lita 480.

Nilipokuwa nafundisha sikutaka mtu akariri hilo. Tulikunja boksi la karatasi ngumu, sentimita 10 kila upande, tukatandika mfuko wa nailoni ndani, tukamimina lita moja ya maji. Linajaa mpaka ukingoni, na maboksi 1,000 kama hilo ndiyo yanayojaza mita moja ya ujazo. Mara ya kwanza mfuko ulikuwa umetoboka, maji yote yakaishia kwenye daftari la mahudhurio.

Kwenye kilo ndiko wengi wanakoteleza. Lita moja ya maji ina kilo moja hivi, basi mtu anadhani kila lita ni kilo. Lita moja ya zebaki ina kilo 13.6! Mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji, kama kilo 0.92 kwa lita. 480 × 0.92 ni karibu kilo 442. Na usione aibu, hata wakubwa wa vipimo iliwasumbua: mwaka 1901 waliamua lita iwe nafasi ya kilo moja ya maji, ikazidi desimita ya ujazo, yaani boksi kama letu la sentimita 10 kila upande, kwa sehemu 28 katika milioni. Waliifuta tafsiri hiyo 1964.

Kilo 442 ni za mafuta peke yake. Tangi lenyewe lipime likiwa tupu, ujumlishe, ndipo uangalie kama kichanja chako kitahimili.