Maswali na majibu: Duka la samaki wa mapambo utalijuaje kama ni zuri?

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu kuanzisha tangi la samaki nyumbani. Karibu maswali yote yaliyokuja baadaye yanahusu duka, na nimefurahi. Samaki wengi wanaofia sebuleni kwetu hutoka dukani wakiwa wagonjwa, au hukabidhiwa mtu ambaye hakuelezwa chochote.

Nikiingia duka nisilolijua, nitazame nini kwanza? (Msomaji wa Tabata)

Achana kwanza na tangi la mbele lenye taa. Inama utazame yale ya chini, kule pembeni. Samaki mmoja kufa usiku ni jambo la kawaida hata kwa muuzaji makini, lakini ukikuta mzoga ambao wenzake wameshaudonoa hadi macho, ujue tangu jana hakuna aliyechungulia humo.

Kisha tazama walio hai. Mapezi yamekunjuka au yamebana mwilini? Tumbo limebonyea? Wanahema juu juu ya maji, au wanajisugua kwenye kokoto? Ukiona vidoa vyeupe kama punje za chumvi, usinunue hata samaki wa tangi la jirani mpaka uulize kama matangi yote yanatumia chujio moja. Maji yakizunguka pamoja, na ugonjwa unazunguka nayo.

Hili la vidoa nalijua kwa machungu. Niliwahi kununua tetra neoni sita, nikawatia moja kwa moja kwenye tangi langu kubwa. Siku ya nne vidoa vikatokea, na kabla wiki mbili hazijaisha nilikuwa nimewatoa samaki 23, mmoja mmoja, kwa kijiko cha wavu. Kimelea kile hukaa kwenye ngozi ya samaki, kisha hudondoka chini na kugawanyika kuwa mamia, na hao hutoka kutafuta samaki wengine. Dawa huwapata wakiwa wanaogelea tu, ndiyo maana dozi ya siku moja haitoshi. Tangu hapo samaki wangu wapya hukaa wiki nne kwenye tangi dogo la peke yao.

La mwisho, mwambie muuzaji: "Naomba uwape chakula niwaone." Asiyekimbilia chakula usimchukue. Na muuzaji akikasirika kwa ombi hilo, aga uondoke.

Mwanangu anatimiza miaka minane Jumamosi. Muuzaji amekataa kuniuzia tangi na samaki siku moja, anasema samaki nikawachukue baada ya mwezi. Ananizungusha? (Mama wa watoto wawili, Kinondoni)

Hapana dada yangu. Huyo mshike, usimwache. Amekataa pesa yako ya leo ili samaki wako waishi.

Samaki hutoa amonia kwenye maji, na amonia ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio na kwenye mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ukibadilisha maji mara kwa mara. Tangi jipya halina bakteria hao. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Mwombe muuzaji kipande cha sponji kutoka tangi lake lenye afya ukiweke kwenye chujio lako. Hapo muda hupungua. Maji ya bomba nayo yatoe klorini kwanza kwa dawa yake, maana huua bakteria hao na kuchoma matamvua ya samaki.

Jumamosi mpe mwanao tangi. Apange mawe, apande majani, na kila siku atie chakula kidogo kana kwamba samaki wapo. Chakula hicho kikioza ndicho kinacholisha bakteria, kwa hiyo kazi yake ni ya kweli kabisa.

Nimeambiwa samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi. Ni kweli? (Kijana wa Mombasa)

Si kweli, mdogo wangu. Hudumaa kwa maji mabaya, kisha hufa mapema. Samaki wa dhahabu wa kawaida hupita sentimita 20 na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Bakuli la kioo ni mateso kwake. Yule anayenyonya kioo, anayeuzwa kama "msafishaji", aina yake kubwa hupita sentimita 30. Muulize muuzaji mambo mawili: akikomaa anafika wapi, na akinishinda utampokea? Usimtupe mtoni. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 alichangia kupotea kwa aina nyingi mno za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo.

Nimestaafu, nataka kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Duka moja wameandika tu "sikilidi mchanganyiko". Ninunue? (Mstaafu, Dodoma)

Shikamoo mzee wangu. Hapana, usinunue hapo. Ziwa lile lina zaidi ya aina 200 za sikilidi, ukoo uleule wa perege na sato, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Tropheus, mmoja wa sikilidi hao, hutofautiana rangi kutoka mwamba mmoja wa pwani hadi mwingine, kwa hiyo duka linalojua kazi huandika jina la samaki, mahali alipovuliwa, au kama amezalishwa kwenye matangi. Wakichanganywa huzaana, na rangi iliyochukua vizazi na vizazi kujitenga inapotea.

Muulize muuzaji kuhusu Tropheus duboisi. Mtoto wake ni mweusi tii mwenye madoa meupe, kama usiku wa nyota. Akikua madoa yote hufutika, kichwa hugeuka buluu na mkanda mpana hujitokeza ubavuni. Asiyekueleza hilo atakuuzia watoto, na baada ya mwaka utadhani wameugua. Akuambie pia kwamba Tropheus hula ukoga wa mawe, na ukimlisha vyakula vyenye nyama nyingi tumbo huvimba na kumuua.

Maji ya ziwa hilo ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha uchachu wa maji) hukaribia 9. Chukua maji ya kwako kwenye chupa, uyapeleke yakapimwe dukani kabla hujalipia samaki.

Mtandaoni bei ni nusu, wanatuma kwa basi. Kwa nini niende dukani? (Msomaji wa Arusha)

Wapo wanaotuma vizuri: samaki hawajalishwa tangu jana yake, maji theluthi moja ya mfuko, kinachobaki ni oksijeni. Lakini ukiwa mgeni wa kazi hii, tangi lako litachafuka usiku wa tatu na utahitaji mtu wa kumpelekea chupa ya maji asubuhi. Wa kwenye basi huwezi kumpelekea.