Mkataba wa gari umefika mwisho: nirudishe, ninunue au niongeze muda?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh. Mimi ni dereva wa teksi hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Nilichukua gari aina ya IST kwa tajiri mmoja, tukaandikishana mkataba wa miaka mitatu. Hesabu ni shilingi 150,000 kwa wiki. Mkataba unasema muda ukiisha nina hiari: kumrudishia gari lake, kulinunua kwa shilingi 6,000,000, au tuandike mkataba mwingine. Muda unaisha mwisho wa mwezi huu.

Tajiri anasema nikirudisha, gari liwe kama nilivyolichukua, la sivyo nimlipe 1,200,000 ya matengenezo. Anadai pia hesabu ya siku tisa ambazo gari lililala gereji baada ya giaboksi kufa. Mimi nina akiba ya 1,800,000 tu. Nimempata mtu wa mikopo ya haraka, anataka nyongeza ya asilimia 30 ndani ya miezi mitatu. Rafiki yangu kijiweni anasema nisihangaike: nimeshamlipa tajiri zaidi ya milioni ishirini, gharama ya gari ameshairudisha na faida juu, kwa hiyo nikae nalo tu, atachoka mwenyewe. Nimeswali istikhara, swala ya kumwomba Allah anichagulie lililo kheri, mara kadhaa na sijaota chochote. Nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Nianze na huyo rafiki yako wa kijiweni, kwa sababu ushauri wake ndio utakaokuponza haraka kuliko yote. Hizo milioni ishirini na ushee hukuzitoa kununua gari, ulizitoa kulitumia. Kila wiki uliyopeleka laki na nusu, ulikuwa umeshabeba abiria wa stendi ya Nanenane, umeshawapeleka watumishi Mtumba, na wanao wameshakula. Haki yako uliipata wiki ileile. Siku muda ukiisha, gari ni la mwenyewe kama lilivyokuwa siku ya kwanza, awe ameshapata faida mara mbili au mara tano. Ukilikalia bila idhini yake unakuwa ghasibu, mtu aliyeshikilia mali ya mwenzake kwa nguvu. Kila siku inayopita inakuandikia kodi ya gari la namna hiyo, na likipata ajali, hata isiyo kosa lako, gharama ni juu yako. Mtume ﷺ ametufundisha kuwa mali ya Muislamu si halali kwa mwingine ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Tajiri "kuchoka mwenyewe" si ridhaa.

Sasa mkataba wenu. Hapa mjini pikipiki na bajaji nyingi hutolewa kwa karatasi yenye mstari mmoja: ukimaliza hesabu, chombo ni chako. Mtindo huo una kasoro kubwa. Dereva anatozwa zaidi ya kodi ya kawaida kwa sababu ndani yake mna bei ya chombo, lakini akivunjika mguu miezi miwili kabla ya kumaliza, bosi anachukua pikipiki na kumwambia zile zote zilikuwa kodi. Mtu anatoka mikono mitupu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Riyadh mwaka 2000 lilikataza ukodishaji wa aina hii, ambao unageuka kuwa mauzo wenyewe kwa wenyewe bila mkataba mpya. Kabla ya hapo, katika kikao cha Kuwait mwaka 1988, Baraza hilohilo lilipendekeza njia iliyo safi zaidi: mwisho wa muda aliyekodi awe na hiari ya kuongeza muda, kurudisha kitu, au kukinunua kwa bei ya soko ya wakati huo. Kikao cha Riyadh kilikubali pia ukodishaji unaoambatana na ahadi ya kuuza kwa bei ambayo pande mbili zimekubaliana.

Wa kwenu umeangukia upande wa salama, alhamdulillah. Hiyo milioni sita ni ahadi ya kuuziwa, na mauzo yenyewe hayajafanyika. Kwa hiyo si deni lako, na huna dhambi yoyote ukisema hutaki. Tajiri, kwa upande wake, hana ruhusa ya kuja na milioni nane kwa kuwa magari yamepanda. Allah ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 1, tutimize mikataba. Ameweka saini, basi aisimamie.

Tuje kwenye matengenezo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo madereva na matajiri wanapogombana kila siku. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kitu cha kukodi mkononi mwa aliyekikodi ni amana. Halipi kilichoharibika isipokuwa ameharibu kwa kuvuka mipaka au kwa uzembe. Kuchakaa kwa matumizi yale yale mliyokubaliana hakumhusu, kwa sababu kuchakaa huko ndiko anakokulipia kodi. Mwenye gari alijua anampa dereva wa teksi, hakumpa mtu wa kwenda nalo msikitini Ijumaa na kulirudisha kivulini. Kudai gari la miaka mitatu barabarani lirudi kama lilivyotoka ni kudai kisichowezekana.

Ila usifurahi mapema. Keti na fundi anayekubalika kwenu wawili, mlipitie gari kitu kimoja kimoja. Shokoabsoba zilizolegea, bushi zilizokwisha, siti zilizofifia kwa jua la Dodoma: hayo ni ya tajiri. Bampa ulilobamiza wakati unarudi nyuma ni lako. Kioo cha pembeni kilichovunjwa na bodaboda aliyekimbia ni cha tajiri kama wewe ulikuwa umeegesha pasipo na hatari, ni chako kama uliegesha katikati ya njia. Na injini, ndugu yangu, hapo ujiulize mwenyewe kabla fundi hajafungua boneti. Kama ulikuwa unamwaga oili kwa wakati na bado injini imechoka, huna lawama. Kama ulikuwa unaongeza oili juu ya oili chafu ili wiki ipite, huo ni uzembe, na utaulipa hapa au utaulipa siku ambayo hakuna hesabu ya wiki. Gharama za kuendesha, kama mafuta, oili na kuosha, ni juu yako tangu mwanzo. Matengenezo makubwa ya kulifanya gari litumike ni ya mwenye gari. Najua mikataba mingi inaandika "matengenezo yote juu ya dereva". Sharti hilo Baraza halikulikubali, kwa sababu Mtume ﷺ ameunganisha faida na dhamana: anayekula faida ya kuwa mwenye mali ndiye anayebeba hasara yake.

Kwa hiyo hiyo 1,200,000 usiikubali nzima wala usiikatae nzima. Fundi akisema yako ni bampa na rangi ya mlango, lipa hizo, na umshukuru Allah.

Siku tisa za gereji ni rahisi zaidi. Kodi inalipwa kwa manufaa. Gari likiwa juu ya mawe giaboksi iko chini, hakuna manufaa, na kodi ya siku hizo inadondoka, maadamu giaboksi haikufa kwa mkono wako. Lakini siku gari lilikuwa zima na wewe hukwenda kazini, ulikwenda mazikoni Kondoa au mtaa ulikuwa mkavu hauna abiria, hizo unadaiwa. Tajiri hakukukodishia abiria, alikukodishia gari. Zihesabu kwa haki, na kama huna za kulipa mara moja, mwombe muda. Naye akumbuke Suratul Baqara, aya ya 280: mdaiwa akiwa na dhiki apewe nafasi mpaka apate wepesi, na kusamehe ni bora kwake.

Kuhusu mkopo wa asilimia 30, sitarefusha. Huo ndio watu wanaouita kausha damu, na hata kama ungeitwa jina zuri, ni riba. Katika hadithi ya Jabir iliyopokewa na Muslim, Mtume ﷺ amemlaani anayekula riba, anayeilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Kununua gari si dharura ya kufa na kupona, una njia nyingine. Tena usikimbilie kikoba cha mama watoto ukidhani umeokoka: mkopo wa kikoba unaorudishwa na nyongeza ni riba ileile, hata kama nyongeza hiyo mnagawana wanachama mwisho wa mwaka. Hili linawauma wengi ninapolisema, lakini ndivyo lilivyo.

Sasa uamuzi wenyewe. Mimi ningeanza kwa fundi, si kwa pesa. Fundi akisema injini inataka kufunguliwa ndani ya mwaka, rudisha gari, lipa kilicho chako, na hiyo akiba iwe mwanzo wa kitu kingine. Wapo madereva wanaolipenda gari kwa kulizoea, wakalinunua, kisha mwaka mzima wakawa wanampa fundi kile walichokuwa wanampa tajiri.

Akisema gari lina maisha, mwendee tajiri na umwombe akuuzie kwa mafungu. Kuuza kwa mafungu kwa bei ya juu kidogo kuliko taslimu kunaruhusiwa kwa wanazuoni walio wengi, sharti mkubaliane bei moja kabla hamjaachana, wala msiondoke na bei mbili hewani, kwa sababu Mtume ﷺ amekataza mauzo mawili ndani ya uzo mmoja. Mfano mkakubaliana 6,500,000: unatoa 1,300,000 sasa, unabaki na laki tano za kulifanyia gari sevisi, na 5,200,000 unazilipa laki moja kila wiki kwa wiki 52. Hiyo ni pungufu ya laki na nusu unayotoa leo. Ila mjue kwamba tangu siku hiyo gari ni lako, na likiharibika ni lako pia, fungu la wiki halisimami kwa sababu ya giaboksi. Tajiri anaweza kushika kadi kama rahani mpaka umalize. Hawezi kukuongezea hata shilingi mia kwa kuchelewa, kwa sababu bei ikishakuwa deni haiongezeki.

Asipotaka mafungu, ulizia benki za Kiislamu. Amana Bank ilianza mwaka 2011, na baadhi ya benki za kawaida zimefungua madirisha ya Kiislamu, yaani huduma zisizo na riba. Lakini uliza swali moja kabla ya kusaini: je, benki italinunua gari kwanza kwa tajiri, liingie mikononi mwake, ndipo iniuzie mimi? Ikiwa wanakupa fedha taslimu mkononi ukanunue mwenyewe na kuzirudisha na ziada, dirisha halijabadilisha kitu.

Kuongeza muda nako si kubaya, tena kwako huenda ndiyo njia nyepesi. Lakini muandike upya, muda mpya na hesabu mpya. Gari la leo si lile la miaka mitatu iliyopita, na hesabu isiwe ileile kwa mazoea tu. Kama ulikuwa huombi punguzo kwa kuona haya, omba. Mtume ﷺ amemuombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake, na dua hiyo ni ya tajiri kama ilivyo yako.

Istikhara yako ni sahihi, ila hukupaswa kungoja ndoto. Hadithi ya istikhara katika Bukhari haikutaja ndoto popote. Unaswali rakaa mbili, unaomba, unashauriana na wajuzi, kisha unaendea lile lililokudhihirikia. Likiwa kheri litakuwa jepesi, likiwa shari utaondolewa. Na istikhara haiswaliwi juu ya kilicho wajibu: kurudisha mali ya mtu muda ukiisha na kulipa siku unazodaiwa hakuna cha kuchagua hapo.

Mwisho, mambo ya karatasi, ambayo masheikh huwa tunayaruka. Kabla ya kukabidhi funguo, angalia kwa namba ya gari deni la faini za trafiki na la maegesho. Yote yaliyoingia wakati wewe uko kwenye usukani ni yako, lipa, usimwachie mwenzako control number ya mwaka juzi. Mkikabidhiana, andikeni hali ya gari na kilomita zake, mashahidi wawili wasaini, na kila mtu abaki na nakala, kama Allah alivyotuelekeza katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Ukinunua, mauziano yaandikwe kwenye karatasi mpya yenye tarehe yake, na kadi ihamishwe TRA kwa jina lako mara tu rahani itakapofunguliwa. Tajiri akifariki kadi ikiwa bado ina jina lake, utakuwa unajieleza kwa warithi ambao hawakuwahi kuiona hata laki moja yako.

Wallahu a'alam.