Maswali na majibu: ranki za mikunjo ya eliptiki

Shikamoo mwalimu. Ranki ya mkunjo wa eliptiki ni nini, bila kunizungusha? (Kidato cha sita, Moshi)

Marahaba. Chukua y² = x³ − 2. Ukiweka x = 3 unapata 25, kwa hiyo y ni 5. Chora mstari unaougusa mkunjo kwenye nukta hiyo. Utaukata tena pale x ilipo 129/100. Endelea hivyo na utapata nukta nyingine ambazo x na y zake ni namba nzima au sehemu, hazikomi, na zote zinazaliwa na ile ya kwanza. Nukta mzazi ni moja, basi ranki ni 1. Mwenzake, y² = x³ + 1, ana nukta tano tu za namna hiyo zinazochoreka, kisha basi. Huyo hana mzazi wa nukta zisizokoma, basi ranki yake 0. Louis Mordell alithibitisha mwaka 1922 kuwa idadi ya wazazi wa kila mkunjo ina mwisho.

Rekodi ya ranki kubwa ni ngapi? (Msomaji, Njiro)

Angalau 29. Noam Elkies na Zev Klagsbrun waliupata mkunjo huo mwaka 2024, wakaipita 28 ya Elkies mwenyewe ya mwaka 2006. Mimi rekodi hizi hazinikoseshi usingizi. Mkunjo wa kawaida ndio wenye habari.

Huo wa kawaida ukoje? (Mwalimu mwenzako, Himo)

Wanahisabati wengi wanaamini kuwa nusu ya mikunjo ina ranki 0, nusu ranki 1, na iliyobaki yote kwa pamoja ni asilimia sifuri. Usishtuke, asilimia sifuri si kutokuwepo. Namba za mraba hadi 100 ni 10, yaani asilimia 10. Hadi milioni moja ni 1,000, asilimia 0.1. Hazimalizwi, ila zinamezwa. Kwenye majedwali ya mikunjo midogo ranki 2 si haba hata kidogo, na hilo liliwatia watu shaka kwa miaka mingi. Manjul Bhargava na Arul Shankar wamethibitisha kuwa wastani wa ranki hauzidi 0.885. Nusu kamili bado haijathibitishwa.

Nasikia akili mnemba imegundua mawimbi kwenye ranki. Kweli au porojo? (Mwanafunzi, Tengeru)

Mawimbi ni kweli. Aliyeyagundua ni mtu. Tuanze na hesabu yenyewe. Rudi kwenye y² = x³ − 2, lakini sasa tazama mabaki tu baada ya kugawanya kwa namba tasa. Kwa 7 kuna majibu 6, yaani jozi za x na y. Toa kwenye 7, unabaki na 1. Kwa 13 kuna majibu 18, tofauti ni −5. Kwa 5 ni 0. Tofauti hizo zinarukaruka, ila hazivuki mara mbili ya kipeuo cha pili cha namba tasa husika.

Yang-Hui He, Kyu-Hwan Lee na Thomas Oliver waliifundisha kompyuta kubashiri ranki kwa kuipa tofauti hizo, nayo ikapatia mno. Kwa nini? Alexey Pozdnyakov, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, akachukua maelfu ya mikunjo yenye ranki ileile na kondakta zinazokaribiana (kondakta ni kipimo cha mkunjo, si yule wa kifodi), akachora wastani wa tofauti kwa kila namba tasa. Yakatokea mawimbi: ya ranki 0 yakipanda, ya ranki 1 yanashuka. Ilikuwa mwaka 2022. Wakayapa jina la makundi ya ndege yanavyojipinda angani. Aliyelima mpunga Mabogini akafukuza kwelea kwelea anaelewa mara moja. Baadaye Nina Zubrilina alithibitisha fomula ya mawimbi ya aina hiyo kwa fomu za modula, jamaa wa karibu wa mikunjo hii.

Basi nikiwa na mkunjo wangu mmoja, mawimbi yataniambia ranki yake? (Yuleyule)

Hapana. Wimbi ni la wengi. Kwa mmoja, lipo wazo la Birch na Swinnerton-Dyer, waliolipata Cambridge kwa kompyuta ya EDSAC 2: mkunjo wenye majibu mengi kuliko kawaida kwenye namba tasa una ranki kubwa. Halijathibitishwa lote.

Na kwenye simu yangu hiyo ranki inafanya nini? (Msomaji, Sakina)

Ranki, hakuna. Mikunjo yenyewe inafunga meseji zako za WhatsApp, lakini huko hutumika ile ya mabaki, ambako nukta zina mwisho na swali la ranki halipo.