Mama anakataa mazoezi ya wazee: anza na anachokitaka yeye

Dada uliyeuliza kuhusu mama yako wa miaka 74, anayekataa mazoezi ya kuzuia kuanguka kwa kuwa "hayo ni ya vikongwe": usimtishe kwa habari za kuvunjika nyonga. Nasaidia kikundi cha wazee hapa Arua, Uganda, na nimeona vitisho vinavyowafungia ndani. Mtu akiogopa kuanguka hupunguza kutembea, miguu hulegea, na hapo ndipo huanguka kweli.

Kwetu hatumwiti mtu aje "kuzuia kuanguka". Tunamuuliza: unataka uendelee kufanya nini mwenyewe? Mmoja atasema kwenda shamba, mwingine kuinuka kwenye sijda bila kushikwa mkono. Basi tunaanzia hapo: kuinuka kitini mikono ikiwa kifuani, kusimama mguu mmoja ukiwa umeshika kiti.

Wanaume ndio walikuwa wagumu. Wengi ni wanajeshi wastaafu, na aliyewavuta ni sajenti wa rika lao. Anasimama mbele, anaita "kushoto, kulia!" kama kwata, kwa Kiswahili kilekile cha kambini, na wazee waliokuwa hawamsikilizi nesi wananyoosha migongo. Kile kutembea kwa kugusisha kisigino na vidole vya mguu wa nyuma wanakifanya kwa kushindana! Kwa hiyo mtafute rafiki wa mama, wa kanisani au wa chama cha akiba, amwite yeye. Mzazi husikia neno la mwenzake kuliko la mtoto aliyemlea.

Tena fikiria nauli. Pesa za serikali za wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na hupewa wenye umri mkubwa kuliko wake, kwa hiyo mama yako bado. Boda kila wiki itamshinda. Wakutane karibu, hata chini ya mwembe wa jirani.

Mazoezi haya yanafaa kweli. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23, hasa yale ya kusimama imara. Ila yawe ya kudumu.

Kabla hajaanza, muulize kama husikia kizunguzungu akiinuka kitandani. Akisema ndiyo, mpeleke kituo cha afya na dawa zake zote mfukoni, za presha na za usingizi pia, maana baadhi huyumbisha mtu. Macho nayo yapimwe siku hiyohiyo.